Mashine ya Damu

Kazi yangu ilikuwa baridi. Nilikuwa fundi wa AC katika jengo la ghorofa tatu pale Wattaya, mjini Muscat, nyuma ya maduka ya magari, na watu wakiniuliza nafanya nini niliwajibu kwamba natengeneza baridi. Si kweli. AC haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulitoa nje, basi. Lakini ukimweleza mtu hivyo kwenye harusi, anakuaga haraka.

Nilisoma mpaka darasa la tisa, kisha chuo cha ufundi. Dada yangu, aliyenizidi miaka sita, alisoma Cairo mpaka akamaliza. Yeye alikumbuka nyumba yetu ya Unguja. Mimi nililetwa Muscat nikiwa wa kubebwa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuwa ameshaachika, hana mtoto, anaishi na mimi na mama, kwanza Matrah, na baadaye Bawshar tulipojenga. Yeye ndiye aliyeniombea kazi pale alipokuwa akifanya yeye.

Kampuni ilikuwa ikiweka kompyuta za ofisi nyingine, zisizokuwa na mahali pa kuziweka wala watu wa kuzitazama. Skuli mbili tatu, zahanati, wenye maghala. Mashine zao zilikaa kwetu, wao wakazitumia kutoka mbali kwa waya wa simu. Dada alikuwa mmoja wa wanaozitazama. Mimi niliangalia hewa yake.

Chumba cha seva kina kelele ya feni ambayo baada ya wiki moja huisikii tena. Kinachobaki ni baridi. Nje lami imelainika, ndani watu wamevaa masweta. Dada alivaa sweta la marehemu baba juu ya buibui, na akikaa alijifunga kanga miguuni. Mkuu wetu wa wakati huo alitaka chumba kisipite digrii kumi na sita. Aliamini kompyuta ikipata joto kidogo tu inakufa. Dada hakuamini.

"Mashine si nguru," alikuwa akisema. "Hazitooza. Pandisha digrii mbili, mdogo wangu."

"Mkuu atanifukuza."

"Hatojua. Akiingia tu, wewe tetemeka."

Nilipandisha moja. Mwezi wa pili nikapandisha nyingine. Mkuu aliingia na koti lake, mimi nikatetemeka, na dada akageuza uso kwenye rafu za mashine kwa muda mrefu. Baada ya mwaka tulikuwa digrii ishirini na mbili na hakuna kompyuta iliyokufa. Kisha akaleta makadibodi kutoka duka la friji, tukaziba mapengo kati ya rafu, ili hewa ya baridi ipite ndani ya mashine badala ya kuzunguka ovyo na kuchanganyika na ya moto. Lilikuwa jambo dogo. AC mbili kati ya nane tukazipumzisha.

Alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Kila Jumatano, kabla hatujafunga kwa mapumziko ya Alkhamisi na Ijumaa, alipita na daftari akiuliza: hii ya nani, inafanya nini. Mashine isiyokuwa na mwenyewe aliizima na kungoja wiki mbili. "Mwenyewe atalia," alisema. Mara nyingi hakulia mtu. Kulikuwa na mashine zilizokuwa zikiwaka miaka kwa ajili ya ofisi iliyokwisha kufungwa. Ilimuudhi kama vile mtu anavyoudhika akiona bomba linamwaga maji barabarani. Sikuwahi kumsikia akitoa hotuba juu yake. Alizima tu.

Mashine ya damu ilitoka katika hizo alizozizima. Jumuiya moja ya akina mama wa kujitolea ilikuwa na orodha ya watu walio tayari kutoa damu, imeandikwa kwenye madaftari, na hospitali ikihitaji damu ya aina fulani walianza kupekua. Dada akaichukua mashine moja kuukuu isiyotakiwa, akaitengeneza kwa wakati wake mwenyewe, miezi mitatu, akaingiza watu wote: jina, aina ya damu, mtaa, simu. Baada ya hapo karani wa hospitali alikuwa anauliza mashine na kupata majina ya watu walio karibu naye kwa dakika moja. Dada aliibandika mbele kipande cha tepu nyeupe na kuandika kwa mkono wake jina lake, na chini yake: Damu. Usizime.

Mama alilielewa jambo hilo kuliko kazi nyingine yoyote aliyowahi kufanya dada. Mwanamke mmoja wa Bawshar aliyepoteza damu nyingi katika uzazi alipatiwa watu watatu kwa njia ya ile mashine, na mumewe alikuja nyumbani na sahani ya halwa. Mama alizungumza habari ya halwa ile mwaka mzima.

Dada alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwa moyo, siku nne baada ya kusema amechoka. Sina zaidi la kusema hapo. Makaburini nilisimama mimi, kwa kuwa ndimi mwanamume pekee wa nyumba, nikasema yale yanayosemwa: kama kuna anayemdai marehemu aje kwangu, na kama kuna aliyekosewa naye amsamehe. Hakuna aliyekuja.

Katika siku tatu za aza, watu wanapokuja kutoa pole, wenzetu wa kazini walikuja wote, hata Mmalayali wetu, Mhindi wa Kerala aliyekuwa akitazama mashine pamoja na dada; alikaa barazani na wanaume akanywa kahawa bila kujua atie neno gani. Alipokuwa anaondoka alinishika mkono na kuniambia kwa Kiarabu chake: "Mashine yake inafanya kazi. Nimeitazama leo." Alitaka kunipoza. Niliingia ndani nikamwambia mama.

Mama akasema, "Basi amali yake haijakatika."

Kila Mwislamu anajua kwamba mtu akifa matendo yake hukatika, isipokuwa machache, na mojawapo ni sadaka jariya, sadaka inayoendelea kutumika. Watu huchimba kisima, au huweka misahafu msikitini. Mama alikuwa na mashine. Tangu siku ile, kila baada ya sala ya magharibi, alipoinua mikono na kuwataja waliotutangulia, akifika kwa dada aliongeza: "Na kwa kila aliyepata damu leo kwa sababu yake, ewe Mola, mwandikie thawabu." Mimi, nyuma yake, nikaitikia amina.

Kazini hakuna aliyeigusa ile mashine. Desturi ya kupita Jumatano ilikufa na mwenyewe. Mkuu akastaafu, akaja mwingine, mtu wa rika langu, ambaye wazee wake walirudi Oman kutoka bara, upande wa ziwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Tulitaniana tangu siku ya kwanza.

"Ninyi wa Unguja," alisema, "hata mkiomba chumvi mnaimba."

"Na nyinyi wa bara, hata mkiimba mnaagiza chumvi."

Alikuwa mtu mzuri. Alikuja na amri kutoka juu kwamba tupunguze. Umeme wa nchi unatoka kwenye gesi inayochomwa, na kiangazi saa nane mchana, kila nyumba ya Muscat imewasha AC, mitambo ilikuwa inafika ukingoni. Wakubwa walikuwa wameanza kwenda kwenye mikutano ya kuzungumzia moshi na hali ya hewa. Sisi tulikuwa na mashine arobaini na kitu katika chumba kimoja. Nyingi zilikuwa zinafanya kazi robo ya uwezo wake, na mkuu alieleza kwamba sasa kuna njia ya kuchukua mashine sita zilizo nusu usingizi na kuzitia zote ndani ya moja. Alitaka karatasi: kila mashine na mwenyewe na kazi yake. Isiyo na mwenyewe, izimwe.

Nilipomsikia nilimkumbuka mtu mwenye daftari.

Walipita na karatasi siku tatu. Walipofika kwenye tepu nyeupe, mkuu aliuliza, "Na hii?"

"Ya marehemu," mmoja akasema.

"Inafanya nini?"

"Ya damu," nikasema mimi.

Aliandika neno hilo na kupita. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Sasa niseme ninalojua mimi na ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Fundi wa AC ana mazoea ya kupitisha mkono nyuma ya mashine. Hewa inayotoka nyuma inakwambia mengi. Mashine inayofanya kazi inatoa hewa ya moto kama pumzi ya mtu aliyepanda ngazi. Isiyofanya kazi, lakini imewashwa, inatoa hewa ya vuguvugu. Ile ya dada, miaka miwili ya kwanza baada ya kufa kwake, ilikuwa ya moto. Kisha ikawa vuguvugu. Nilipitisha mkono pale kila siku niendapo kazini, na si kwa sababu ya kazi peke yake, kwa hiyo siwezi kudai sikugundua. Niligundua katika wiki ile ile. Nilijiambia labda watu hawaumwi sana mwezi huu. Mwezi ukapita. Nikaacha kujiambia chochote, na magharibi nikaitikia amina.

Mashine zilipungua kutoka arobaini na kitu mpaka kumi na tano. Tukazima AC nne. Mwishoni mwa miaka ile alikuja mtu wa biashara na maneno ya wingu: kwamba hata hizo kumi na tano tutaziondoa, kila kitu kitakaa kwenye wingu, na chumba tutakifanya ghala. Nilimuuliza joto lake litakuwa linatoka upande gani. Alicheka, akafikiri natania. Nilikuwa nauliza. Wingu lake ni chumba kama chetu, kikubwa zaidi, katika nchi ya watu, na kina fundi wake, na ukuta wake wa nyuma. Huenda linatumia umeme kidogo kuliko sisi kwa kazi ile ile. Dada angelipenda kama ni hivyo. Lakini asingekubali aambiwe halina joto. Hayo yalikuja baadaye.

Mmalayali ndiye aliyeniita. Ilikuwa Jumatano mchana, watu wanaondoka. Alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kompyuta na akavuta kiti cha pili.

"Kaka," alisema. Hilo ndilo neno la Kiswahili alilokuwa nalo, hilo na "pilau". "Tazama hapa. Mimi sijamwambia mkuu."

Alinionyesha orodha ya kila mara mashine ilipoulizwa kitu. Mistari ilijaa ukurasa baada ya ukurasa, kisha ikapungua, kisha ikakoma. Mstari wa mwisho ulikuwa na karibu miaka miwili. Alikuwa ameshapiga simu hospitali kuuliza. Namba za simu za nchi nzima zilipoongezwa tarakimu, watu waliokuwa kwenye orodha ya dada hawakuweza kupatikana tena kwa namba zile, na hakukuwa na mtu wa kuzirekebisha. Hospitali ikaanza orodha yake upya, kwenye mashine zake. Hakuna aliyetuarifu. Wangemwarifu nani?

"Nilijua," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akaufunga ule ukurasa. "Mimi nitasema niliona leo, na wewe hukujua," alisema.

"Usiseme hivyo. Sema ilivyo."

Tulikwenda kwa mkuu pamoja. Alisikiliza, akavua miwani, akasugua macho. Alisema kuwa yeye haizimi mashine yenye jina la maiti, mama wa maiti yuko hai, na ndugu yake amesimama hapo mbele. "Nenda ukaongee na mama yako kwanza," alisema. "Ikikaa mwaka mwingine, itakaa. Moja haitatuua."

Hapo ningeweza kushukuru na kutoka. Alikuwa amenipa ruhusa. Alkhamisi nzima niliibeba ile ruhusa. Nilichofikiri ni hiki: mama ana miaka sabini na kitu, ana kisukari, na kitu kimoja kinachomfanya ainuke kwenye msala na uso mkunjufu ni sentensi moja, na sentensi hiyo si kweli. Je, ni kazi yangu kumwondolea? Na ikiwa nitamwachia, nitaitikia amina ngapi zaidi, nami najua?

Ijumaa baada ya alasiri nilimkuta sebuleni anachambua mchele kwenye sinia. Nilikaa.

"Sema," akasema bila kuinua kichwa. "Umekaa kama mtu anayengoja kung'olewa jino."

"Mama, ile mashine haifanyi kazi."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Inawaka. Lakini hakuna anayeiuliza kitu. Hospitali wana orodha yao."

"Si ile ile yake? Wameinakili."

Aliniwekea mlango wazi na hakujua. Ningesema ndiyo, mambo yangeisha.

"Si ile. Wameandika upya. Simu za kwenye orodha yake ni za zamani, hazipigiki."

"Tangu lini?"

"Inakaribia miaka miwili."

"Nawe umejua lini?"

"Karibu tangu mwanzo."

Aliliweka sinia chini. "Nnakaa hapa kila magharibi, nnaomba, nawe unaitikia."

"Ndiyo, Mama."

"Unaitikia amina kwa bati."

Alichukua punje moja nyeusi akaitupa kwenye kibakuli.

"Inakula umeme?"

"Inakula. Na AC inakula mwingine kwa ajili ya kuipoza. Ukijumlisha, ni kama mafriji matatu makubwa yamewashwa na hayana kitu ndani."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Na hilo joto unalolitoa, hulitoa wapi?"

Mama hakusoma skuli, lakini miaka yote niliyofanya kazi ile hakuna mtu mwingine aliyeniuliza swali hilo.

"Nyuma ya jengo. Kichochoroni."

"Kichochoroni kuna nini?"

"Duka la dobi. Dirisha lao linatazamana na feni zetu za nje."

"Watu wangapi?"

"Wanne. Wanafanya kazi pale na wanalala pale."

Nilidhani atalia, nikajitayarisha kwa hilo. Hakulia.

"Basi umemtilia mwanangu dhambi kaburini," akasema. "Mimi nnamwombea thawabu, kumbe kinachoandikwa ni joto la watu. Miaka miwili."

"Kosa ni langu, Mama. Si lake."

"Mashine ina jina la nani?"

"Lake."

"Haya. Alipozikwa, ulisimama ukamwombea radhi kwa watu?"

"Nilisimama."

"Dobi alikuwapo?"

"Hakuwapo."

"Basi hajaulizwa. Kesho uizime, halafu wende ukamuulize."

Alirudi kwenye mchele wake. Magharibi ile hakuinua mikono. Alimaliza sala, akakunja msala, akaenda chumbani.

Jumamosi asubuhi niliizima. Mmalayali aliuliza kama nataka nakala ya orodha, nikasema nataka, akanitolea kwenye diski. Ninayo mpaka leo na sina chombo cha kuisoma. Kuzima kulikuwa kubonyeza kitufe na kukishikilia mpaka taa ya kijani ife. Feni ilizunguka kidogo kwa nguvu zake yenyewe. Wenzangu walikuwa wamesimama mlangoni, mkuu pia, wamevua viatu kwa sababu ambayo hakuna aliyeieleza. Mmoja akasoma Fatiha, nasi tukaisoma. Nilibandua tepu nyeupe na kuitia mfukoni, kisha nikashuka ngazi za nyuma.

Dobi alikuwa mtu wa makamo kutoka Sindh, Pakistan, mwenye Kiarabu cha dukani. Kwa miaka yote nilikuwa naingia kichochoro kile kusafisha mashine za nje, na tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa. Alikuwa anapiga kanzu pasi.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Kanzu imepotea?"

"Hapana. Dada yangu amefariki."

Aliisimamisha pasi, akasema inna lillahi. "Lini?"

"Miaka minne iliyopita."

Akanitazama tena, safari hii kwa uangalifu. Nilimweleza kadiri nilivyoweza: kompyuta, damu, joto, ukuta, dirisha lake. Nilimwambia kwamba ilikuwa inawaka bure kwa jina la dada, na joto lake limemwingilia yeye, na kwamba mama anaomba amsamehe marehemu. Alimwita mwenzake kutoka ndani, wakazungumza kwa lugha yao. Mwenzake akacheka, dobi akamkemea.

"Ni ipi kati ya hizo?" akaniuliza, akizinyooshea kidole zile mashine za nje.

"Haimo humo. Yenyewe iko ndani. Joto lake ndilo lililokuwa linapitia humo."

"Umeizima?"

"Asubuhi hii."

Alitoa mkono dirishani, akaushikilia hewani, kama ninavyofanya mimi. "Mimi sioni tofauti."

"Ni ndogo."

"Juni iliyopita tulining'iniza mashuka yaliyoroweshwa hapa dirishani," alisema. "Yalikauka kabla hatujalala." Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananipa habari. Kisha akasema, "Nimemsamehe. Allah amrehemu. Na hizo nyingine, lini?"

"Nyingine zina kazi."

"Zote?"

"Tunaziuliza moja moja," nikasema. Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa dogo.

Nyumbani mama alikuwa ananingoja.

"Umeizima?"

"Nimeizima. Dobi anasema haoni tofauti."

"Nilikutuma ukapime? Nnakuuliza, kasamehe?"

"Kasamehe."

"Kwa maneno?"

"Kwa maneno. Kamwombea na rehema."

Alivuta pumzi. Magharibi aliinua mikono, akawataja wote kwa zamu, baba, ndugu zake waliobaki Unguja, na alipofika kwa dada alimwombea maghufira, msamaha wa Mola, akapita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuitikia ile sentensi. Haikuwapo. Nyumba ilikuwa kimya zaidi baada ya hapo kuliko ilivyokuwa katika siku za aza, na ilikaa hivyo muda mrefu. Siwezi kusema kwamba nilifanya vizuri. Nilisema kweli, na mama akapungukiwa na kitu ambacho sikuwa na kingine cha kumpa badala yake.

Siku nne au tano baadaye, tunakula, akaniuliza: "Na wewe, radhi yako umeiomba?"

"Kwa nani?"

"Kwa yule yule. Yeye mwenzio alikuwa maiti, hajui. Aliyekuwa akijua nani?"

Sikumaliza wali wangu. Kesho yake wakati wa mapumziko nilishuka tena ngazi za nyuma. Dobi aliponiona mlangoni alisimamisha pasi, akanitazama juu mpaka chini.

"Leo nani kafa?" akauliza.

"Hakuna," nikamwambia. "Leo nimekuja kwa ajili yangu."

Aliondoa rundo la makanzu juu ya benchi, akanionyesha nikae.